Nijenge, Nisijenge?

Siku maji yalipokuja, kijijini kwetu Chinyelele hapakuwa na wingu hata moja. Jua lilikuwa linachoma, na Bibi Zipora alikuwa ameitoa ngoma yake nje, ameiegesha kwenye mawe ili ngozi ipate joto ikaze. Mvua ilikuwa imenyesha kwa wenzetu, huko nyuma ya vilima. Korongo letu ni la mchanga tu. Miezi mingi ya mwaka watoto wanacheza mpira ndani yake na kina mama wanafukua humo visima vya kuchotea maji. Kwa hiyo Bibi Zipora aliposikia mngurumo alidhani ni treni ya mizigo, maana reli iko upande huo huo. Halafu akaona mbuzi wake wanatoka korongoni mbio, na hakuna mtu anayewaswaga.

"Nikasema, hawa wamekutana na fisi mchana huu?" aliniambia. "Kumbe fisi mwenyewe ni maji."

Akaikamata ngoma, akakimbia. Baadaye watu walisema aliacha vyombo vyote akaokoa ngoma. Si kweli. Ngoma ndiyo iliyokuwa nje, karibu na mkono. Alipofika pale shuleni akageuka, akaiona nyumba yake inakaa chini polepole kama mtu aliyechoka. Ilikuwa tembe, nyumba ya Wagogo yenye paa bapa la udongo. Paa lile ni zito sana, na kuta zikishalowa kwa chini, basi, linashuka nalo. Baadhi ya mbuzi hawakuonekana tena. Jirani yake Filipo, aliyekuwa amerudi kumfungua punda, walimkuta kesho yake kwenye mchanga mbali huko chini.

Nayajua haya yote kwa sababu tangu siku hiyo Bibi Zipora alikuwa anaishi kwetu. Mama yangu ni nesi wa zahanati ya kijiji. Sisi si wenyeji, tumetoka Tukuyu, huko mvua si habari ya kusimulia. Nyumba ya nesi iko juu, maji hayakuifikia, na ina jiko la nje ambalo hatulitumii sana. Mama alimwambia, "Bibi, kaa humo mpaka utakapojenga." Alidhani ni wiki chache. Wakati huo hata mimi nilidhani hivyo.

Bibi Zipora ni mfupi, mweusi wa kung'aa, ana mikono mikubwa kuliko mwili wake. Nilikuwa namuuliza maswali kila jioni akichambua mlenda, mpaka akanibandika jina. Akawa ananiita Hakimu.

"Hakimu, leo unanishtaki kwa kosa gani?"

"Nataka kujua nani alikufundisha kupiga ngoma."

"Shangazi yangu. Alikuwa akinipiga mimi kwanza, halafu ndiyo tunapiga ngoma."

Kwa Wagogo, ngoma hii inayoitwa muheme ni ya wanawake. Nilishangaa sana nilipoiona mara ya kwanza, maana kwetu niliwazoea wanaume. Mwanamke anaibana ngoma katikati ya mapaja, anainama kidogo, mikono inaruka. Bibi Zipora ndiye mwenye ngoma inayoanza. Wengine wote wanasubiri yeye apige, ndipo wafuate. Nilimuuliza, je, mwingine akianza kabla yake? Akanitazama kama nimeuliza mtu akiingia chumbani kwa mama mkwe wake bila hodi itakuwaje.

"Nani aanze?" akasema. "Hakuna mtu kama huyo."

Zamani, alisema, waliipiga kwenye mambo ya jando, watoto wakitolewa. Siku hizi wanaipiga zaidi kwa wenye magari. Akija mgeni mkubwa, mwenyekiti anatuma mtu: waambieni kina mama wajiandae. Bibi Zipora alikuwa amewapokea wakubwa wengi hivi kwamba alikuwa anawajua kwa jinsi wanavyocheza. Kuna anayetikisa mabega tu ili asitoe jasho, kuna anayetaka ashike ngoma apigwe picha, na kuna anayetazama saa.

Mumewe alikuwa kibarua wa reli, alifariki zamani. Mabinti zake wameolewa mbali. Mwanawe Yoramu ni fundi, yuko Dodoma mjini, na kazi yake wakati wote huo ilikuwa kumwaga zege kwenye majengo ya serikali. Jambo hilo lilikuwa halinitoki kichwani. Mtoto anajenga ofisi zenye vioo, mama yake analala jikoni kwetu kati ya gunia la mkaa na baiskeli yangu.

Yoramu alikuja kumchukua. Alikuwa amepanga chumba upande wa Chimwaga, karibu na wanafunzi wa chuo. Bibi akaenda, na wiki haikuisha akarudi kwa miguu kutoka barabarani, ngoma kichwani.

"Mbona umerudi, Bibi?" nikamuuliza.

"Kule mtu anaoga mnasikiliza wote. Halafu nikienda huko, hawa watasema Zipora ameshapata pa kukaa, tumfute."

Hawa. Alikuwa hasemi serikali. Alikuwa anasema hawa.

Sasa nieleze wamefanya nini, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini mama mzima mwenye mikono ile alikaa bila kujenga.

Mgeni wa kwanza alikuja siku chache baada ya mafuriko, na msururu wa magari. Wengine tulikuwa bado tunamlilia Filipo, lakini mwenyekiti wetu, Mzee Mazengo, alisema mgeni hawezi kuingia kijijini kimya kimya kama mwizi, kwa hiyo kina mama wakapiga. Mgeni akatoa pole, akagawa mablanketi na unga, halafu akasema kwa sauti kubwa: wote waliokuwa wanakaa kando ya korongo wasijenge tena pale. Watapewa viwanja kwenye mwinuko nyuma ya shule, vitapimwa, vitawekwa barabara, kabla ya mvua nyingine. Atakayejenga bondeni nyumba yake itabomolewa. Watu walipiga makofi. Bibi Zipora pia alipiga makofi. Aliniambia hivyo mwenyewe, wala hakuona aibu. Lilikuwa jambo jema, kwa nini asipige?

Basi akaanza kusubiri. Alikuwa ameokoa miti ya paa lake kwenye matope, nguzo nzuri za zamani ambazo siku hizi huwezi kuzikata porini bila kukamatwa. Akazipanga nyuma ya jiko letu, akazinyanyua juu ya mawe. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso alikuwa anazigeuza, anazikagua, anakung'uta mchwa. Nikiwa naenda shule nasikia: ko, ko, ko, anazigongagonga.

Mgeni wa pili alikuja kipindi cha baridi, upepo wa Dodoma ule unaopasua midomo. Safari hii ilikuwa kamati. Ngoma ikapigwa, wakacheza, wakarekodi kwa simu. Mama mmoja, Tabu, mjane wa Filipo, alisimama akauliza nani alikagua lile tuta la bwawa kule juu lililopasuka siku ile ya maji, maana lilikuwa na ufa tangu mwaka uliopita na watu walisema. Mkubwa mmoja akajibu, "Suala hilo linafanyiwa kazi." Bibi Zipora akauliza kuhusu viwanja. "Na hilo pia, mama, linafanyiwa kazi."

Waliondoka na vumbi lao. Tangu siku hiyo msemo ule ukawa wetu. Ukimuuliza mtu ugali umeiva, anakwambia unafanyiwa kazi. Mtoto akitumwa dukani akachelewa, anafanyiwa kazi. Mwalimu wetu wa hesabu alimuuliza mwanafunzi jibu liko wapi, darasa zima tukaitikia kwa pamoja, na darasa zima tulichapwa.

Lakini Bibi Zipora alikuwa hacheki. Nilianza kumwona hatulii. Alikuwa anaweza kukaa, akasimama, akaenda mpaka nyuma ya shule kutazama mwinuko, akarudi. Tembe haijengwi mvua ikishaanza. Udongo wa kuta unataka jua ukauke, na paa linataka siku zake. Mtu akichelewa anangoja mwaka mwingine. Na jikoni kwetu bati limetoboka, mvua ikija angelala wapi? Alikuwa akienda kwa mtendaji wa kijiji, Castory, kijana mpole aliyehamishiwa huku kutoka Kagera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nijenge, nisijenge?"

"Mama, kule juu hakujapimwa. Ukijenga bila kupimwa unaharibu mpango."

"Basi nijenge chini."

"Chini ni marufuku, mama. Si ulimsikia mwenyewe?"

"Sasa nijenge wapi, hewani?"

"Vumilia kidogo. Nimepeleka taarifa wilayani."

Anarudi nyumbani, anazigeuza nguzo, kesho kutwa anakwenda tena. Mama yangu alisema huyu bibi atapata presha, akampima, na kweli ilikuwa imepanda. Akampa dawa. Bibi akameza, akasema, "Mama Nesi, dawa ni nzuri, lakini kinachopanda si damu."

Kijijini watu waligawanyika. Wengine walijenga tena bondeni kwa siri, vibanda vya miti na turubai, wakasema bora kubomolewa na serikali kuliko kulowa. Wengine walihamia kwa ndugu. Walikuwepo waliomcheka Bibi Zipora. "Huyu bibi anasubiri kiwanja kama mchumba," walisema. Tabu, ambaye ni rafiki yake na hupiga ngoma ya pili, naye alikuwa anamchokoza: "Zipora, mchumba wako ametuma barua?" Bibi alikuwa anamjibu maneno ya Kigogo ambayo Tabu alikataa kunitafsiria.

Mwezi wa kumi ukafika, joto, mbuyu wa barabarani ukaanza kutoa majani, na ndipo ikaja habari ya mgeni wa tatu. Shule ya msingi ilikuwa imejengewa vyoo vipya. Mgeni rasmi atakuja kuvizindua. Vyoo vyenyewe vimejengwa wapi? Juu, nyuma ya shule, kwenye mwinuko ule ule.

Bibi Zipora alikwenda kuvitazama. Vilikuwa vimepakwa rangi ya bluu, vina milango ya chuma, vinapendeza kweli. Alivizunguka pande zote. Nilikuwa nimefuatana naye.

"Hakimu," akasema, "choo kimepata kiwanja. Mimi bado."

Asubuhi ya siku ya mgeni, Mzee Mazengo na Castory walikuja kwetu wote wawili. Mama alikuwa anajiandaa kwenda zahanati. Bibi alikuwa ameshika ngoma, anaipitisha juu ya moto wa nyasi ili ngozi ikaze, kwa hiyo walidhani mambo ni shwari.

"Mbukwenyi," Mzee Mazengo akasalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa."

"Zipora, leo tunakuomba kitu kimoja. Upige vizuri, umalize, ukae. Maswali utaniachia mimi."

"Nikuachie? Wewe umeyabeba tangu masika, yamekuchosha?"

"Usinifanyie hivyo mbele ya kijana."

Castory akaingilia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi nina watoto. Mgeni akikasirika, lawama zinanishukia mimi."

"Na mimi nina mchwa," Bibi akasema. "Tutakwenda wote."

Wakacheka kidogo, wakaenda zao. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemzoea. Akifanya mzaha anatazama mtu usoni, na safari hii alikuwa anatazama moto.

Shuleni kulikuwa na maturubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma. Wanafunzi wa sekondari tuliitwa kujaza viti vya nyuma. Mpango ni huu: gari la mgeni linasimama getini, mgeni anashuka, kina mama wanapiga ngoma, mgeni anatembea kwa madaha katikati yao mpaka jukwaani. Bila ngoma mgeni haingii. Siyo sheria ya mtu yeyote, ndivyo ilivyozoeleka tu, na hata wale wa itifaki waliokuja kukagua mapema waliandika hivyo: ngoma, kisha kuingia.

Gari likafika. Akashuka mwanaume mnene mwenye miwani na suti nyepesi ya mikono mifupi, anatabasamu. Kina mama walikuwa wamejipanga pande mbili, shanga kifuani, ngoma kwenye mapaja. Bibi Zipora mbele kabisa.

Mshereheshaji akasema kwenye spika, "Na sasa, kina mama wetu hodari, mpokeeni mgeni rasmi!"

Kimya.

"Kina mama hodariii!"

Bibi Zipora ameinama, mikono ameilaza juu ya ngozi, hapigi. Nikamtazama Tabu. Naye ameiweka mikono yake vile vile. Wote. Hakuna aliyewapa maagizo. Ni kwamba ya kwanza haijalia, nani aanze?

Mgeni hakujua. Nilimwona anasimama wima kwa heshima, ameunganisha mikono mbele, uso umetulia kama mtu aliye kanisani. Alidhani ndiyo desturi, kwamba Wagogo huanza kwa kimya. Msaidizi wake naye akaunganisha mikono. Mpiga picha akapiga picha. Ilikuwa inataka kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka. Nilimwona Mzee Mazengo anafuta jasho kwa kofia. Castory alikuwa ameangalia viatu.

Kimya kilipozidi, mgeni akainama sikioni kwa msaidizi, msaidizi akamwinamia mwenyekiti, mwenyekiti akasema kitu. Tabasamu la mgeni likapungua lakini halikutoka. Akamsogelea Bibi.

"Mama yangu, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mbona tumenyamaza? Ngoma imepata hitilafu?"

"Ngoma ni nzima."

"Sasa?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini, mama?"

"Jibu. Nyumba yangu ilichukuliwa na maji. Mwenzako alikuja hapa, nikampigia ngoma, akasema nisijenge chini, nitapewa kiwanja huku juu. Wengine wakaja, nikawapigia, wakasema linafanyiwa kazi. Wewe leo nikikupigia utaingia, utafungua choo, utakula, utaondoka. Kwa hiyo naomba uanze wewe, mimi nifuate. Nijenge, nisijenge?"

Hakupaza sauti. Lakini mshereheshaji alikuwa amesogeza kipaza sauti karibu akidhani ni salamu, na spika ikalitoa neno lote mpaka barabarani.

Watu wakaguna. Sauti moja nyuma ikasema, "Jibu hilo!" Sauti nyingine: "Na tuta je?" Viti vikaanza kuburuzwa.

Mgeni akasema, "Mama, serikali yenu inawajali sana. Katika mwaka huu wa fedha..."

"Baba, samahani. Nijenge, nisijenge?"

"Nakuja huko. Ipo mipango..."

"Nijenge, nisijenge?"

Akageuka. Nakumbuka vizuri jinsi alivyogeuka, maana kuanzia hapo ilikuwa kama mpira wa pasi. Alimtazama mkubwa aliyekuwa nyuma yake: "Hivi viwanja vimefikia wapi?" Mkubwa yule akamtazama afisa ardhi, dada mmoja kijana mwenye faili kifuani. Afisa ardhi akasema, "Sisi tulikuwa tunasubiri muhtasari wa kikao cha kijiji." Wakamtazama Castory. Castory akasema, "Kikao tulikaa, tukaambiwa tusubiri wapimaji." Wakamtazama Mzee Mazengo. Mzee Mazengo, naapa, akamtazama Bibi Zipora.

Pale watu wakacheka, kicheko kibaya, cha hasira. Mwanaume mmoja akapiga kelele, "Imerudi golini!"

Mgeni akavua miwani. Akayafuta macho. Sijui alikuwa anafikiri nini. Nilimwonea huruma kidogo, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma, halafu nikamwonea tena. Akasema, sasa si kwa sauti ya spika, "Mama, nikikwambia jenga nitakuwa nimekudanganya. Nikikwambia usijenge, pia. Sijui. Nilikuja kwa ajili ya vyoo."

"Hujui."

"Sijui, mama."

"Asante," Bibi akasema. "Wewe ndiye wa kwanza."

Akainuka, akaitoa ngoma mapajani, akaiweka kichwani. Tabu akainuka. Wale wengine wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja. Mgeni rasmi aliingia jukwaani kwa muziki wa kwenye simu ya mshereheshaji. Vyoo vilizinduliwa, nasikia, na utepe ukakatwa. Mimi sikuona, nilikuwa nimetoroka kumfuata Bibi, na kwa hilo nilifagia uwanja wa shule juma zima.

Nilidhani anakwenda kulala. Kumbe alipofika kwetu aliiweka ngoma chini, akachukua sururu ya Mama na kamba, akabeba nguzo moja begani.

"Bibi, unaenda wapi?"

"Juu."

"Si amesema hajui?"

"Ndiyo. Angejua ningemsubiri. Mtu asiyejua unamsubiri wa nini?"

Wageni walikuwa bado wanakula pilau ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu alipoanza kuchimba shimo la kwanza, hatua chache kutoka kwenye vyoo vya bluu. Ardhi ya kule ni ngumu, sururu inalia kama inagonga chuma. Magari yalipokuwa yanaondoka yalipita karibu yake. Hakuinua kichwa.

Kesho yake Castory akaja anahema. "Mama, huku hakujapimwa!"

"Mkija kupima mtanikuta."

"Watanifukuza kazi."

"Kwani wewe ndiye unayejenga? Waambie ulinikataza nikakataa. Nikataze sasa, kwa sauti, hawa wasikie."

Castory akatazama pembeni. Tabu alikuwepo anasomba maji, na kina mama wengine wawili watatu wanakanyaga udongo. Akasema kwa sauti ya kuigiza, "Mama Zipora, nakukataza!"

"Tumesikia!" kina mama wakaitikia, wakaangua kicheko. Castory mwenyewe akashindwa kujizuia, akageuka upesi tusimwone.

Yoramu akaja Jumamosi na wenzake wa zege, wamechukua ruhusa. Alizozana na mama yake kutwa nzima. Yeye anataka tofali na bati, mama anataka tembe. "Bati unanunua wewe?" Bibi alimwuliza. "Udongo huu nimeukuta." Akawapikia togwa sufuria kubwa kwa ajili ya kazi, pombe hapiki, ni wa kanisa. Jioni kuta zilikuwa zimefika kiunoni.

Kilichofuata Bibi Zipora hakukipanga. Tabu alipanga mawe manne pembeni, akasema hapa ni kwangu. Mtu wa kibanda cha turubai bondeni akaja akapanga yake. Halafu wengine, wengi, na wengine ambao maji hayakuwagusa kabisa. Ugomvi ukazuka. Mtu analala, akiamka mawe yamesogea. Wanaume wawili walishikana mashati mbele ya vyoo, watoto wa shule wakishangilia madirishani. Mama yangu alifunga kichwa cha mmoja wao na kuniambia, "Unaona sasa? Ndiyo maana watu husubiri kupimiwa." Naye alikuwa na haki, na Bibi alikuwa na haki, na jambo hili lilinisumbua sana, kwa sababu vitabuni huwa mmoja tu ndiye mwenye haki.

Nilimwuliza Bibi usiku ule tukila. "Je, wakija kubomoa?"

"Waje."

"Je, wakikupa kiwanja cha mtu mwingine, hiki chako wakampa mwingine?"

"Hakimu, kula mlenda."

Lakini yeye mwenyewe hakula.

Alasiri moja mwishoni mwa Novemba mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki, upepo unapeperusha vumbi jekundu, na Yoramu na wenzake walikuwa wanapandisha miti ya paa kwa haraka. Mzee Mazengo akapanda mwinuko. Hakuwa amekanyaga huko tangu siku ya mgeni. Alikuwa na fimbo yake na kofia yake, amekunja uso. Watu wakaacha kazi. Mimi nikafikiri, leo ndiyo leo.

"Nyie," akasema, "nani amewagawia ardhi?"

"Hakuna," Bibi akasema. "Njoo utugawie wewe."

"Mimi sina mamlaka hayo."

"Una mamlaka gani, basi? Tuambie moja tu, tulijue."

Mzee akaangalia mawe ya Tabu, akaangalia mawe ya yule jamaa wa turubai, yamebanana mpaka mbuzi hawezi kupenya. Akaanza kutembea katikati yake, taratibu, anapiga mawe kwa fimbo.

"Hii ni nini? Ninyi mna akili kweli? Njia iko wapi? Mtu akifa hapa nyuma, jeneza litapita wapi? Mtalipitisha chumbani kwa Tabu?"

"Kwangu halipiti!" Tabu akasema.

"Basi sogea! Sogeza haya mawe. Na wewe, sogea. Nyuma, nyuma tena. Trekta nayo ipite." Alikuwa anapaza sauti sasa, kofia imemwangukia kisogoni, na watu walikuwa wanasogeza mawe huku wanalalamika. Wale ambao maji hayakuwagusa akawatambua mmoja mmoja. "Abubakari! Wewe nyumba yako ina bati na sola. Chukua mawe yako utoke." Abubakari akabisha, akataja haki zake, kisha akachukua mawe yake.

Akafika kwa Bibi Zipora. Akasimama. Kona ya nyumba yake ilikuwa imejitokeza, nguzo ya mwisho kabisa imesimama katikati ya pale ambapo njia ingepita. Ilikuwa imeshashindiliwa, mti wa paa umeshaegemea juu yake, na ngurumo ilikuwa imeanza.

"Na hii," Mzee Mazengo akasema. Sauti ilikuwa imeshuka.

Yoramu akasema, "Mzee, hii haiwezekani. Mvua hiyo hapo."

Bibi Zipora akaitazama nguzo, akaitazama njia, akamtazama mwenyekiti kwa muda mrefu kama anayemkagua mchwa.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Hatua moja na nusu."

"Ungekuja tangu masika usingenichosha hivi."

"Najua."

Akatema mate mkononi, akaishika sururu. Yoramu akaubeba mti wa paa begani ili usianguke, na Mzee Mazengo akaiweka fimbo yake chini, akaikumbatia nguzo kwa mikono miwili kuishikilia wakati Bibi anachimbua. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa, yanaacha mashimo kwenye vumbi.

"Hakimu, umesimama nini?" akaniambia. "Chimba shimo pale. Hapana, pale. Harakisha!"